Mkono wa Mhunzi Kwenye Gumegume

Bunduki kuukuu ya njia ya msafara ilitengenezwa zaidi ya mara moja. Ukiikuta kwenye kabati la makumbusho, kibao kitakueleza kwamba ilitoka Liège, Ubelgiji, au Birmingham, Uingereza, na kama iliwahi kuwa mali ya mtemi au mmisionari, jina la mwenyewe litaandikwa kwa herufi kubwa. Yuko mtu mwingine ambaye kibao humpita kimya. Huyo ni mhunzi wa Unyamwezi, aliyeipokea ikiwa imekufa, akaitia katika moto uleule wa jembe, akairudisha kwa mwenyewe ikifanya kazi. Nataka tumtazame huyu, tena bila haraka, maana kazi yake ingali juu ya chuma na mti kwa anayejua pa kuangalia.

Kwanza safari. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, mwezi Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliizoea njia hiyo na kuikata kwa muda mfupi zaidi, lakini hata kwao ilikuwa kazi ya miezi. Bunduki ilikwenda begani, mvuani na juani, ikavuka mito, ikavuka Ugogo wenye kiu, na mpaka inafika Unyanyembe, nchi ya Tabora, kutu ilikwisha kuanza kula kasiba na tako lilikwisha kupata nyufa. Wala nyingi hazikuwa mpya zilipopakuliwa Zanzibar. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha: Waingereza wakachukua Snider, Wafaransa Chassepot, Wajerumani Mauser ya 1871. Zile za kushindilia mdomoni zikauzwa kwa bei ya chakavu, na shehena zikaelekea Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Hata ukilikata kadirio lake nusu, bado ni chuma kingi kilichotawanyika katika nchi isiyokuwa na karakana moja ya jeshi.

Ilipogoma Tabora, Urambo au Ujiji, bunduki haikurudishwa Liège. Ilipelekwa kwa mtu wa karibu aliyejua moto.

Na watu waliojua moto walikuwepo. Majembe ya Usumbwa na Uzinza yalikuwa na sifa nchi nzima. Kumbukumbu za mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani zinataja majembe yapatayo 150,000 yakiletwa soko la Tabora kwa mwaka. Jembe lilikuwa zana ya shamba, lilikuwa mahari, na msafara uliposimamishwa njiani kudaiwa hongo, jembe lilipokelewa kama fedha. Nyuma ya kila moja kulikuwa na tanuri la udongo, mkaa wa miti migumu ya miyombo, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na vijana waliopokezana kuivuta bila kuacha moto upumzike. Chuma cha tanuri hilo hakikumiminika kama uji. Kilitoka bonge lenye matundu, limechanganyika na taka zake, na mhunzi alilipiga na kulikunja, akalipiga tena mpaka taka zikatoka na chuma kikashikana. Katika bonge moja kulikuwa na sehemu laini na sehemu ngumu, kwa kuwa mkaa haukuingia chumani kwa kiasi kimoja kila mahali. Mtengenezaji wa majembe aliyekulia mbele ya fuawe alizitenganisha kwa sikio na jicho: sehemu ngumu hulia tofauti ikigongwa, na ikivunjwa huonyesha chembe tofauti. Hapo ndipo bunduki ilipomkuta, akiwa na ujuzi ambao hakuupata kwa ajili yake.

Sasa tuufungue mtambo. Gumegume, yaani bunduki inayofyatuliwa kwa jiwe, ina vipande vichache, lakini kila kimoja kinataka chuma cha tabia yake. Kwa juu kuna nyundo ndogo yenye taya mbili, na taya zimebana jiwe lililofungwa kipande cha ngozi ili lisiteleze. Mbele yake kimesimama kibao kidogo cha chuma, na chini ya kibao kuna kisahani cha baruti ya kuwashia. Ukivuta kifyatulio, nyundo huruka, jiwe hukwangua uso wa kibao, kibao hukubali na kulala mbele, kisahani hubaki wazi, cheche huanguka ndani yake, na moto hupenya katika kitundu kilicho ubavuni mwa kasiba hadi kwenye baruti kuu. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

Watu wengi hudhani cheche zinatoka katika jiwe. Jiwe ni kisu tu. Kinachowaka ni vinyweleo vya chuma vilivyonyolewa usoni mwa kibao, na ili vinyweleo hivyo viwake vizuri, uso huo lazima uwe mgumu sana. Ukijaribu kuligonga jembe la chuma laini kwa jiwe kuanzia asubuhi, jua litazama hujawasha kitu. Kwa hiyo kibao kilichochakaa, ambacho ugumu wake umekwisha kunyolewa na miaka ya kufyatuliwa, hakiponi kwa kusuguliwa. Mafundi wengi wa gumegume walikuwa na dawa hii ya ugonjwa huo: kukivalisha kibao uso mpya wa chuma kigumu na kuubana kwa misumari midogo iliyopigwa mpaka haionekani. Ukitazama kibao cha namna hiyo kwa upande, unaona mstari mwembamba kama ukucha, chuma kimoja kimekaa juu ya kingine. Mstari huo unastahili kutazamwa kuliko nakshi zote za shaba zilizopigwa kwenye tako. Aliyeuweka alijua kwamba cheche huzaliwa pale, na alijua chuma gani cha kuweka mahali gani.

Kamani ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Ni ukanda wa chuma uliokunjwa mara mbili, unaobanwa kila nyundo inapovutwa na kuachiwa kila inaporuka. Ikiwa laini, hujikunja na kubaki hivyo hivyo, nyundo ikaanguka kivivu. Ikiwa ngumu mno, huvunjika siku ya kwanza, na bunduki inakuwa fimbo. Kati ya hali hizo mbili pana njia nyembamba, nayo hupatikana kwa moto wa pili. Fundi hukifanya chuma kigumu kwa kukipasha moto na kukizamisha, halafu hukirudisha juu ya makaa, safari hii kwa upole, huku akitazama rangi zinazopita juu ya uso wake uliosuguliwa: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu ya anga. Kila rangi ni kiwango fulani cha ugumu kilichopungua, na ya kamani ni ile ya mwishoni. Ukichelewa kidogo, rangi imepita na kazi yote inarudi mwanzo. Kipimajoto hakuna, saa hakuna. Kuna kivuli cha kibanda, kwa sababu juani rangi hizo hazionekani sawasawa, na jicho la mtu aliyekwisha kuharibu za kutosha mpaka akajua.

Kipande cha ndani kabisa hakionekani mpaka bamba la ubavuni lifunguliwe. Ni chuma cha mviringo chenye mapengo mawili, na ulimi mdogo unaoingia ndani ya mapengo hayo. Pengo la kwanza ni la usalama: nyundo imevutwa nusu, bunduki inabebeka. La pili ni la kufyatua. Kingo za mapengo zikilika, bunduki haina tena mahali pa kupumzika, na mwenye kuibeba anabeba ajali. Njia ya msafara ilizijua ajali za bunduki vizuri. Ebenezer Southon, daktari mmisionari aliyeishi Urambo kwa Mtemi Mirambo, alipigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1882; mkono wake ulikatwa, naye hakupona. Mhunzi aliyechonga upya kingo za pengo lisilozidi upana wa punje ya mtama, akazifanya ngumu, akazipatanisha na ulimi wake, alikuwa anafanya kazi ya kuzuia kifo kisichokusudiwa. Na aliifanya kwa tupa chache zilizopanda na misafara, zikatunzwa kama dhahabu.

Mti ulikuwa rahisi kidogo, lakini una uzuri wake. Matako ya bunduki za Ulaya yalichongwa kwa miti iliyozoea unyevu wa kwao. Tabora ina masika yake na kiangazi kirefu kinachokausha kila kitu hadi kulia. Tako lilipasuka, hasa pale lilipo jembamba, nyuma ya mtambo. Palipowezekana, ufa ulifungwa kwa ngozi mbichi iliyoshonwa ikiwa imelowa. Ikikauka husinyaa na kubana kuliko pete ya chuma. Palipotakiwa tako jipya, miti ya kuchagua ilikuwepo, na mninga, unaowapa maseremala wa Tabora sifa mpaka leo, ni mgumu wa kutosha, mwepesi kuchongeka, wala haubadiliki sana majira yakibadilika. Parafujo zilizopotea zilizibwa nafasi zao kwa misumari iliyopigwa vichwa pande zote mbili, kwa kuwa kukata meno ya parafujo kunataka chombo maalumu. Shaba ya waya, iliyopanda kutoka pwani kama fedha ya njiani au kushuka kutoka Katanga alikotawala Msiri, mtu wa asili ya huku, ilizungushwa kasibani kushikilia mti. Kwa hiyo mtazamaji asidharau bunduki yenye viraka. Kila kiraka ni uamuzi uliofikiriwa, na ukivisoma kwa mpangilio unaweza kuona ni kipi kilivunjika kwanza.

Jambo moja fundi wa hapa hakuweza kulichimba nyumbani, nalo ni jiwe lenyewe. Nchi ya matale haina jiwe la gumegume kama lile la Ulaya. Lilisafiri. Mji mdogo wa Brandon, mashariki ya Uingereza, uliendelea kupasua mawe ya bunduki kwa ajili ya Afrika hadi karne ya 20, muda mrefu baada ya askari wa Uingereza kusahau jinsi ya kuyafunga kwenye taya. Mchongaji wa Brandon na mhunzi wa Unyanyembe hawakuwahi kuonana, lakini hakuna kati yao ambaye kazi yake ilikuwa na maana bila ya mwenzake.

Sisemi haya kuisafisha bunduki. Barabara hii ilibeba pembe na ilibeba watu waliofungwa minyororo, na kasiba ndizo zilizoulinda mzigo. Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora kwa moto, watu wake wakamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Kiarabu wa mji, na mwandishi wa habari Stanley, aliyejitia katika vita upande wa Waarabu, akajifunza kukimbia. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake likiwa limevunjwa na Wajerumani wa Tom von Prince, aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Huenda wahunzi hawa walizitengeneza bunduki za siku hizo, za upande huu na ule. Kuistahi kazi yao kunatudai tukumbuke na ilikofikia.

Hapo sheria inaingia, na iliingia kwa namna ambayo watunzi wake hawakuitazamia. Hati ya Brussels ya Julai 1890, iliyotiwa saini na mataifa yaliyokuwa yakigawana bara hili, ilikataza kuingiza silaha za kisasa katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ikaacha mlango mmoja: gumegume zenye kasiba laini ndani, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Lengo mojawapo lilikuwa Mwafrika asiwe na bunduki inayomfikia askari wa mkoloni. Tokeo lake lilikuwa kwamba mtambo wa karne iliyotangulia ukabaki ndio halali, na anayejua kuutengeneza akabaki na kazi. Askari wa Kijerumani wenyewe hawakuwa mbali sana na zamani: Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, sehemu ya askari wa upande wa pili walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, ambazo moshi wake mweupe ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipolala.

Mjukuu wa gumegume ni gobore. Limetoka kwenye jiwe likaingia kwenye fataki, na kasiba yake siku hizi huweza kuwa bomba lililokwisha kufanya kazi nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kutengeneza silaha bila kibali, na nasimama na sheria hiyo bila kusita. Magobore ya kificho yamewaua tembo na twiga wa mapori ya Ugalla na Moyowosi, na yamewajeruhi wenyewe walioyabeba. Umoja wa Afrika uliutangaza Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha, na Tanzania imekuwa ikitoa msamaha wake kwa wanaopeleka kwa hiari vituoni au kwa viongozi wa mitaa. Zinazokusanywa huharibiwa, nyingine kwa moto mbele ya watu. Kwa silaha za namna hiyo ni sawa kabisa. Shida yangu ni ndogo, na ni hii: katika rundo hilo hilo huenda kuna kipande kimoja au viwili ambavyo mtambo wake ulitengenezwa na babu wa babu, na hakuna mtu pale aliyepewa kazi ya kutazama kabla ya kiberiti kuwashwa.

Tarehe za kisheria nazo zinamponyoka mhunzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa kabla ya 1863, na vya baadaye vyenye matumizi ya kitamaduni vina fungu lao. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya 2001 inaziachia nchi ziamue bunduki ya kale ni ipi, mradi isiwe iliyotengenezwa baada ya 1899. Weka vitu viwili mezani. Mauser ya 1871, silaha ya kiwanda iliyokusudiwa vita vya kisasa, ni ya kale kwa kipimo hicho cha mwaka. Gumegume iliyowekwa tako jipya la mninga, kibao kipya na kamani mpya mwaka 1920, kwa ujuzi wa mwaka 1780, mwaka wake ni upi? Sheria huuliza kitu kilizaliwa lini. Kitu hiki kilizaliwa mara mbili, na mara ya pili kilizaliwa hapa.

Makumbusho ndiyo yangeweza kulijibu swali hilo. Kalenga, karibu na Iringa, lilipo fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, silaha zinasimulia habari za shujaa, na ni haki yake. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limejengwa upya, linasimulia habari za mgeni. Tabora ingeweza kuwa na kabati moja la fundi. Uingereza, yenye masharti makali kuliko nchi nyingi, iliweka mwaka 1988 leseni maalumu ya silaha kwa makumbusho, ili polisi wajue kilichopo, kiko wapi na nani ana ufunguo. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji ofisa wa polisi na mhifadhi kukaa meza moja kabla ya rundo kuchomwa.

Bunduki ikishaokolewa, yatakayofuata ni kazi nyingine ya subira. Kwanza, bunduki ya kushindilia haiaminiki hata ikiwa na umri wa miaka 150. Wahifadhi sehemu mbalimbali duniani wamekuta baruti na risasi zikiwa bado ndani. Kijiti cha mti huingizwa mdomoni taratibu mpaka kigote, kikawekwa alama, kisha kikalinganishwa kwa nje na urefu wa kasiba mpaka kwenye kitundu cha moto. Kama kimefupika, kuna kitu kimekaa chini, na hapo anaitwa mtaalamu wa milipuko. Pili, kutu haisuguliwi kwa msasa. Msasa unakula kutu, unakula na alama za nyundo, na alama za nyundo ndizo saini pekee ambayo mhunzi huyo aliacha. Tatu, kuizima. Hapa ndipo pa kuombea busara, kwa kuwa mwenye mashine ya kuchomelea huanzia panapofikika kirahisi, nako ni kwenye mtambo. Akiuchomelea, kamani na ulimi, na mstari ule mwembamba wa kibao, vyote vimekuwa bonge moja lisilosema kitu. Kasiba izibwe kabisa kwa chuma ndani, kitundu cha moto kifungwe, na bunduki haitapiga tena milele. Mtambo ufunguliwe, usafishwe kwa brashi laini na mafuta, uwekwe kando ya bunduki yake nyuma ya kioo, bamba likiwa limegeuzwa ili mapengo mawili yaonekane, na kibao cha maelezo kianze na Unyamwezi kabla ya kufika Liège.